Muziki wa Kifalme wa Korea Si Nakala ya Uchina

Husemwa mara nyingi kwamba muziki wa jumba la kifalme la Korea ni wa Kichina uliobadilishwa jina tu. Dai hilo lina chembe ya ukweli, ila limevutwa mno. Mwaka 1116 Kaizari Huizong wa Uchina alimpelekea Mfalme Yejong wa Goryeo, yaani Korea ya enzi hizo, shehena kubwa ya ala, zikiwamo kengele za shaba na mawe ya kugongwa. Hapo ndipo aak, muziki wa ibada, ulipotia mizizi. Huo kweli asili yake ni Uchina.

Lakini jumbani ulikuwamo pia hyangak, muziki wa wenyeji, na dangak, uliotoka Uchina ila Wakorea wakaufinyanga hadi ukafanana na wao. Mfalme Sejong, karne ya 15, aliuliza swali ninalolipenda: mababu waliosikiliza hyangak maisha yao yote, kwa nini wakifa wapigiwe aak? Muziki uliotungwa zama zake, kwa sehemu kubwa kutokana na hyangak, uliingizwa katika ibada ya Jongmyo, hekalu la kuwaenzi wafalme waliokufa, mwaka 1464. Hadi leo hupigwa hapo Seoul. Aak umebaki zaidi kwenye ibada za kumuenzi Confucius, mwanafalsafa wa kale wa Uchina.