Klabu za madaraja ya chini Marekani: yanayosemwa na yaliyotokea

"Seattle Sounders na Portland Timbers walipanda daraja hadi MLS."

Hawakupanda. Tangu MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani, ianze kuchezwa mwaka 1996, hakuna klabu iliyoingia humo kwa pointi. Nafasi hununuliwa: ligi humpima tajiri, uwanja na mji wake, ikiridhika humtoza ada ya kujiunga. Orlando City, waliotoka ligi ya daraja la tatu na kuanza MLS mwaka 2015, walilipa dola milioni 70. FC Cincinnati, walioanza 2019, walilipa milioni 150. San Diego FC walioanza 2025 walilipa milioni 500, na timu hiyo haikuwahi kucheza ligi yoyote ya chini.

Seattle walikuwa mabingwa wa daraja la pili mwaka 2005 na 2007, lakini kombe hilo halikuwapa haki ya kwenda popote. Kilichowapeleka MLS mwaka 2009 ni nafasi mpya iliyonunuliwa na kundi la wamiliki lenye Joe Roth ndani yake, pamoja na Adrian Hanauer aliyekuwa mmiliki wa timu ya zamani. Ubingwa wa chini una faida moja: unajaza uwanja, na uwanja uliojaa humpa mmiliki hoja anapokwenda kuomba.

"Daraja la timu linaonyesha uwezo wake uwanjani."

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na ukiliweka sawa hili, mengine yote yanaeleweka. Marekani daraja hupewa ligi nzima, si klabu, na anayelitoa ni Shirikisho la Soka la nchi hiyo kwa kufuata masharti yaliyoandikwa. Ligi ya daraja la pili inatakiwa ianze na timu zisizopungua 8, na iwe na viwanja vya watu 5,000 kwenda juu. Mmiliki mkuu wa kila timu awe na hisa zisizopungua asilimia 35 na utajiri wa dola milioni 20, na timu iweke dhamana ya dola 750,000. Daraja la tatu ni watu 1,000, utajiri wa milioni 10 na dhamana ya 250,000. Dhamana hiyo ipo ili mmiliki akiishiwa katikati ya msimu, mechi zilizobaki zichezwe na mishahara ilipwe.

Kwa hiyo ligi inaweza kupanda au kushuka bila mpira kupigwa. Ligi ya USL ya sasa ilianza 2011 ikiwa daraja la tatu, na mwaka 2017 ikatambuliwa kuwa la pili kwa maombi yake yenyewe. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, NASL, ligi nyingine ya kulipwa, ilinyimwa daraja la pili kwa msimu wa 2018. Ikaenda mahakamani kuomba zuio, ikakosa, na msimu huo haukuchezwa. Baadhi ya klabu zake, zikiwemo New York Cosmos, zilibaki bila ligi ingawa hakuna aliyezishusha uwanjani.

"Jina likiwa lilelile, klabu ni ileile."

Chukua Minnesota. Klabu ya Thunder ilianza 1990, wakatwaa ubingwa wa A-League, ligi ya daraja la pili ya wakati huo, mwaka 1999, wakafa 2009. Mwaka 2010 ikaundwa timu nyingine chini ya kituo cha michezo cha mji wa Blaine, NSC Minnesota Stars. Msimu wa 2011 Stars haikuwa na mmiliki kabisa; NASL yenyewe ndiyo iliyoigharimia, na timu hiyo ikachukua ubingwa wa ligi. Bila mnunuzi ingefungwa hivyohivyo, kombe likiwa kabatini. Mwishoni mwa 2012 Bill McGuire akainunua, ikaitwa Minnesota United kuanzia 2013, na mwaka 2017 ikaingia MLS. Mashabiki wengi ni walewale na wana kila sababu ya kuiona historia hii kuwa moja, lakini katika makaratasi Thunder na Stars ni timu mbili.

Cosmos nao ni hivyo. Timu aliyoichezea Pelé ilikoma miaka ya 1980. Iliyorudi uwanjani 2013 ilirithi jina na nembo.

Ukitaka kuifuatilia klabu yoyote ya Marekani bila kudanganyika, usianze na jina. Kwa kila msimu tafuta mmiliki alikuwa nani, timu ilicheza ligi gani, na ligi hiyo ilikuwa na daraja gani mwaka ule. Kimoja kikibadilika, simama uchunguze kabla ya kujumlisha makombe.

"Timu za chini hazina ubavu mbele ya MLS."

Rochester Rhinos walitwaa Kombe la Wazi la Marekani, linaloshindaniwa na klabu za madaraja yote, mwaka 1999 wakiwa daraja la pili, kwa kuzitoa timu za MLS: Chicago Fire, Dallas Burn na Columbus Crew, kisha kuwafunga Colorado Rapids 2-0 katika fainali. Hakuna klabu nyingine ya nje ya MLS iliyolichukua tangu ligi hiyo ianze kushiriki. Mwaka 2012 Cal FC, timu ya ridhaa, iliifunga Portland Timbers ya MLS 1-0 katika muda wa nyongeza. Sacramento Republic wa daraja la pili walifika fainali mwaka 2022.

Na Rochester hawakudidimia kwa kukosa watu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wakiingiza zaidi ya watazamaji 11,000 kwa mechi katika uwanja wa besiboli. Walijenga uwanja wao wa soka, uliofunguliwa 2006, wakiwa na matumaini ya kuingia MLS. MLS haikuwaita, na kufikia 2008 wamiliki waliojenga walikuwa wameshindwa kifedha. Timu ilisimama baada ya msimu wa 2017, ikarudi 2022 katika MLS Next Pro, ligi ya daraja la tatu, na mwaka 2023 ikafungwa.

"Soka la kulipwa Marekani lilianza na Pelé."

Pelé alifika 1975. American Soccer League, ligi ya kulipwa, ilianza 1921, na Kombe la Wazi lilishachezwa tangu msimu wa 1913/14. Bethlehem Steel, timu ya kiwanda cha chuma cha Pennsylvania, ililichukua mara 5.

"Marekani kupanda na kushuka daraja hakutakuwepo kamwe."

Mwezi Machi 2025 wamiliki wa klabu za USL walipiga kura kuuleta utaratibu huo katika madaraja yao, ikiwemo ligi mpya ya daraja la kwanza wanayokusudia kuianzisha. MLS haimo. Na masharti ya daraja la kwanza bado yanadai uwanja wa watu 15,000, ambao klabu nyingi za USL leo hazina.