"Nilitaka asome" kwa Kihispania: -e yetu haitoshi

Kila muhula huwapa wanafunzi wangu wa Kihispania sentensi moja fupi: "Nilitaka Amina asome." Karibu wote huandika "Quería que Amina estudie." Siwalaumu, hicho ni Kiswahili kinachosema ndani yao. Kwetu, "nataka asome" na "nilitaka asome" zina "asome" ileile yenye -e mwishoni, maana kitenzi cha kwanza kimeshabeba wakati. Kihispania hakiridhiki na hilo. Kitenzi cha kwanza kikirudi nyuma, cha pili nacho hukifuata: "Quiero que estudie", lakini "Quería que estudiara". (Peru na Bolivia utawasikia watu wakisema "quería que estudie" bila wasiwasi. Kwenye mtihani usijaribu.)

Kuliunda umbo hili ni kazi ndogo kuliko sifa yake mbaya. Achana na umbo la kamusi, "hablar" (kuzungumza). Anzia kwenye nafsi ya tatu wingi ya wakati uliopita: hablaron, comieron, vivieron, yaani walizungumza, walikula, waliishi. Ondoa -ron, weka -ra, -ras, -ra, -ramos, -rais, -ran. Umepata hablara, comiera, viviera. Vitenzi vya -er (comer) na vya -ir (vivir) vinafanana kabisa hapa. Tena njia hii haikutupi hata ukikutana na vitenzi vikorofi: tuvieron (walikuwa na) hutoa tuviera.

Kuna pia umbo la -se: hablase, comiese, viviese. Katika sentensi za namna hii maana haibadiliki. Litambue unaposoma, ila ukizungumza shika -ra, hasa na watu wa Amerika ya Kilatini.

Mkazo ndio huwaponza wengi. "Hablara" hutamkwa kama neno la Kiswahili, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu huipatia bila kufundishwa. Hatari ni "hablará", yenye mkazo mwishoni, ambayo maana yake ni "atazungumza". Mswahili akiisoma kwa mazoea ya nyumbani, amebadilisha sentensi nzima. Kwa "sisi" mambo hugeuka: habláramos, comiéramos, viviéramos zina mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, nasi hatujazoea. Alama ile juu ya herufi si pambo, iandike.

Halafu kuna -nge-. Sisi huiweka pande zote mbili: "Ningeishi Madrid, ningezungumza Kihispania kila siku." Kihispania hugawa kazi: "Si viviera en Madrid, hablaría español todos los días." Upande wa "si" (yaani "kama") huchukua -ra, upande wa matokeo huchukua -ría. Mwanafunzi anayeandika "si viviría" anatafsiri -nge- mara mbili.

Neno ninalopenda kufundishia haya yote ni "ojalá". Lilitoka kwenye Kiarabu cha Andalusi, yaani cha Uhispania ya enzi za Waislamu, "law šá lláh", Mungu akipenda, ndugu wa inshallah yetu. "Ojalá Amina estudie": inshallah Amina atasoma, bado kuna tumaini. "Ojalá Amina estudiara": laiti Amina angesoma, na anayesema hivyo ameshamwona Amina yuko kwenye simu.