Je, wajua kwa nini sinema ya mchawi asiyeonekana hutisha kuliko ya mchawi anayeonekana?

Wawekee watu The Blair Witch Project katika kibanda umiza cha Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, kisha wasikilize wakitoka. Wengi watalalamika kwamba wameliwa hela yao: sinema ni ya mchawi, na mchawi mwenyewe haonekani hata kivuli. Mimi naiona ndiyo sinema ya kutisha kuliko zote nilizowahi kutazama, na sababu yangu ni hiyohiyo inayowaudhi wenzangu.

Ilitoka mwaka 1999, kazi ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, vijana waliokuwa hawana kampuni kubwa nyuma yao. Wanafunzi watatu wanaingia msituni Maryland, Marekani, kurekodi habari za mchawi anayesimuliwa na wenyeji, wanapotea, na kinachopatikana baadaye ni mikanda yao tu. Yote hayo ni ya kubuni, hata huyo mchawi. Gharama ya kuipiga picha hutajwa kati ya dola 35,000 na 60,000, na kwa sinema, hiyo ni hela ndogo sana. Jini la kutengenezwa kwa kompyuta lisingewezekana.

Basi wakatafuta njia nyingine. Waigizaji walikabidhiwa kamera wajirekodi wenyewe, wakalala msituni kweli, na kazi yote ilichukua siku 8 za Oktoba 1997. Maneno mengi walijitungia papo hapo. Kila siku chakula walichoachiwa kilipungua. Usiku waongozaji walinyemelea hema, wakalitikisa na kupiga sauti za watoto gizani. Ule uchovu na zile hasira unazoziona usoni mwao si za kuigiza tupu.

Lakini kwa nini sisi watazamaji tutishike, na tumekaa salama kwenye benchi? Ubongo una sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo huamsha mwili mara tu inapohisi hatari: moyo unaenda mbio, viganja vinaloa jasho. Hatari ikionekana, ubongo huanza kuipima. Ina ukubwa gani? Iko umbali gani? Nikimbilie wapi? Jini likishatokea kwenye skrini tunaona na vazi lake, na rangi aliyopakwa, tunaanza hata kukosoa. Hatari isiyoonekana haipimiki, kwa hiyo mwili unabaki umekaza, na kila mtu anaijaza nafasi ile kwa kitu anachokiogopa yeye mwenyewe. Mtu wa Kigoma hamuoni mchawi wa Maryland pale. Anamwona wa kwao, aliyesimuliwa na bibi.

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga wanalijua hili vizuri. Huvua siku za giza, mwezi usipokuwepo, na taa inamulika maji ya karibu tu. Kitu kikipiga maji nje ya mwanga ule, kila mtu mtumbwini hunyamaza. Tochi ya wale wanafunzi inafanya kazi hiyohiyo: inaonyesha miti mitatu, na sauti inatoka nyuma ya mti wa nne.

Ndiyo maana nasema sinema hii isitazamwe ikiwa imetafsiriwa. Nawapenda watafsiri wetu, wameifanya sinema ya kigeni iwe ya kila mtu, na kwenye mapigano hakuna raha kama sauti yao. Hapa lakini hakuna muziki wa kukuandaa, silaha yake ni ukimya na kijiti kinachovunjika kwa mbali. Mtafsiri akisema "sasa stelingi anaogopa", kile kijiti hukisikii tena.

Fedha zilipokuja, kazi ikabadilika. Ile ya kwanza iliingiza karibu dola milioni 248 duniani. Mwaka 2016 ikatoka nyingine ya hadithi hiyo, kwa bajeti ya mamilioni, ikiwa na droni na kamera za kuvaa sikioni, na safari hii kiumbe cha msituni kinaonekana, ingawa kwa kupita tu. Niliitazama hadi mwisho nikiwa nimetulia kabisa. Ile ya 1999 ina dakika 81. Itazame usiku kwa spika za masikioni, na usikilize kwa makini wenyeji wanaohojiwa mwanzoni, kwa sababu jambo moja dogo wanalolisema kuhusu watoto na kona ya nyumba ndilo litakalokupa maana ya picha ya mwisho.