Programu ya kufundishia ikivuka mpaka, kutafsiri ndiko rahisi

Programu ya kufundishia ikitoka nchi moja kwenda nyingine, watu huwaza kwanza lugha. Kwenye kitengo chetu cha teknolojia ya elimu hutufikia zikiwa zimetafsiriwa vizuri, hata sauti zimerekodiwa upya. Kisha mtoto anafika kwenye kugawanya, anakwama. Ufaransa namba inayogawanya huandikwa kulia kwa mstari wa wima. Uingereza huandikwa kushoto. Desimali nazo, kwingine ni mkato, kwingine nukta. Ubaoni kuna 3.5, kwenye kishikwambi 3,5, na mtoto aliyekuwa anajua anaanza kujitilia shaka.

Hayo mtaalamu wa mitaala anaweza kuyarekebisha. Linalotusumbua zaidi ni kiwango. Mtaala unasema mwanafunzi wa darasa fulani anajua hiki na kile, na programu hutengenezwa kwa kuamini maneno hayo. Huko Delhi, India, programu ya Mindspark ilianza kwa kumpima kila mwanafunzi, ikampa maswali ya pale alipo, si ya darasa aliloandikishwa. Wengi walikuwa nyuma kwa madarasa kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa walipanda katika hisabati na Kihindi.

Peru ilikwenda njia nyingine: kompyuta mpakato zaidi ya 800,000 ziligawiwa shuleni. Tathmini ya mwaka 2012 katika shule za vijijini haikuona nafuu katika hisabati wala lugha. Intaneti karibu haikuwapo, na ufundishaji wenyewe haukubadilika sana. Kwa maoni yangu, hapo vifaa vilitangulia, somo likaachwa nyuma.

Ndiyo maana mimi hupenda kutaja Botswana, ingawa teknolojia yake ilikuwa simu ya kawaida tu. Shule zilipofungwa mwaka 2020, baadhi ya familia zilipata maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi, nyingine ujumbe huohuo pamoja na simu ya kila wiki kutoka kwa mwalimu. Waliopigiwa simu ndio waliojifunza wazi zaidi. Mpango ukapelekwa India, Kenya, Nepal, Ufilipino na Uganda. Lugha zilibadilika, na wapigaji nao: mahali pengine walimu wa serikali, pengine wafanyakazi wa mashirika. Kilichobaki ni mtu wa kumsikiliza mtoto akikokotoa, na swali linalofuata kupangwa kulingana na jibu lake. Ukikiondoa hicho ili kupunguza gharama, umebaki na ujumbe mfupi.

Umeme na mtandao nitavipitia haraka, maana suluhisho lipo: masomo huhifadhiwa kwenye seva ndogo ya shule; vifaa navyo huchajiwa kwa sola, kama ilivyofanyika kwenye majaribio ya vishikwambi katika vijiji vya Tanga.

Nafasi ya mwalimu ndiyo huamuliwa dakika za mwisho, wakati vifaa vimeshanunuliwa. Uruguay, iliyopungukiwa walimu wa Kiingereza shule za msingi, ilimleta mwalimu wa mbali kwa video, lakini mwalimu wa darasa akabaki na watoto na kuendesha vipindi vya mazoezi vilivyofuata. Kabla ya kusaini mkataba, basi, mwombe muuzaji andalio la somo la dakika 40: mwalimu anafanya nini vifaa vikiwashwa, nani anakaa na nani ikiwa watoto watatu wanatumia kimoja, na kipindi kinaendeleaje chaji ikiisha katikati.