Latitudo na longitudo: ipi inasomwa wapi?

Fungua ramani ya simu, gusa katikati ya jiji la Dodoma. Utaona namba mbili zinazokaribia -6.17 na 35.74. Ya kwanza ni latitudo, ya pili ni longitudo.

Mistari ya latitudo imelala mashariki-magharibi, ila inapima umbali wa kaskazini au kusini mwa Ikweta. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea: huangalia mstari ulivyolala, wakasahau unachopima. Kila nyuzi ya latitudo ni takriban kilomita 111, hivyo Dodoma iko kama kilomita 680 kusini mwa Ikweta.

Longitudo hutoka ncha hadi ncha na kupima mashariki au magharibi mwa Greenwich, Uingereza, mstari uliokubaliwa kuwa sifuri mwaka 1884. Mistari hii haiko sambamba. Hukutana kwenye ncha. Kwetu nyuzi moja bado ni karibu kilomita 111, lakini kwenye latitudo 60 hubaki kama nusu tu. Longitudo ndiyo pia inayotawala saa. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa longitudo 45 mashariki, nasi tuko nyuzi 9 na robo magharibi yake. Ndiyo maana jua la Dodoma hufika kilele yapata saa 6:37 mchana, likiwahi au kuchelewa kwa takriban robo saa kulingana na majira ya mwaka.

Makosa yanayogharimu ni haya. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya 6.17, umehamia kaskazini mwa Ikweta, kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukigeuza mpangilio wa namba, unatua baharini karibu na Tangier, Morocco. Hayo angalau yanaonekana upesi. Kosa baya zaidi ni lile linalojificha: kuandika nyuzi 35 dakika 45 kama 35.45. Nyuzi moja ina dakika 60, si 100, kwa hiyo gawa 45 kwa 60 upate 35.75. Usipofanya hivyo, unakosea kwa kilomita 33, na ramani bado itakuonyesha mkoa uleule wa Dodoma.

Kwa kisima au mpaka wa shamba, andika tarakimu nne baada ya nukta. Ya nne ni sawa na mita 11 hivi. Mpaka wa kisheria mwachie mpimaji. Kabla ya kumtumia mchimbaji namba hizo, ziingize kwenye simu nyingine uone kama alama inaangukia kijijini kwenu.