Limfoma ya ngozi: lini mwanga unatosha, lini uongezewe dawa ya kinga

Mabaka yaliyopauka matakoni, mapajani au chini ya matiti, yanayowasha kidogo au yasiyowasha kabisa, Unguja na Pemba huitwa mba au choa, na mwenyewe hupaka dawa ya fangasi miezi nenda miezi rudi. Mara nyingi ni mba kweli. Lakini baka linalodumu miaka, lisilosikia dawa, tena likae sehemu zinazofunikwa na nguo, linaweza kuwa maikosisi fungoidesi, limfoma ya ngozi inayoonekana zaidi, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu za aina ya T zilizoweka makazi ngozini. Kwa watu weusi, hasa vijana, mara nyingi huanza kwa weupe huo badala ya wekundu. (Baka lililokufa ganzi ni habari nyingine, hilo lipimwe ukoma.)

Jibu hutoka kwenye kipande cha ngozi kilichokatwa na kupimwa maabara, na si ajabu kukatwa mara mbili tatu. Kinachovuruga kipimo mara nyingi ni krimu za steroidi, pamoja na za kujichubua zenye dawa hiyo ndani: hupunguza chembe zile kwa muda, kipande kikaonekana kama pumu ya ngozi tu. Ziachwe wiki 2 hadi 4 kabla ya kukatwa.

Mabaka yakiwa bado membamba, mwanga peke yake hutosha. Hutumika urujuanimno (miale isiyoonekana kwa macho) aina ya B wa wigo mwembamba, nanomita 311 hadi 313, mara 2 au 3 kwa wiki. Mgonjwa husimama ndani ya kabati la taa, macho na sehemu za siri zimefunikwa; dozi huanza ndogo na kupandishwa polepole kwa miezi kadhaa. Mwanga huu huua chembe T, ila hauzami. Baka likishakuwa nene huhitajika urujuanimno A, unaozama zaidi, ukitanguliwa na vidonge vya methoksaleni, vinavyoifanya ngozi iathirike zaidi na mwanga, takriban miligramu 0.6 kwa kila kilo ya uzito, saa moja na nusu hadi mbili kabla. Kemikali za jamii hiyo zimo hata kwenye ndimu: aliyekamua ndimu akakaa juani hupata alama nyeusi mikononi, au malengelenge. Kwa hiyo kujianika ufukweni si badala ya tiba, maana jua halina kipimo, na sehemu zenye ugonjwa ndizo zilizofunikwa.

Dawa za kinga, yaani za kuamsha kinga ya mwili, huingia ugonjwa ukiwa mnene, ukirudi kila mwanga unapokoma, au ukigoma. Chembe za limfoma hutoa viashiria vinavyoulegeza ulinzi wa mwili; interferoni alfa, dawa ya sindano, huuamsha upya, huku mwanga ukipunguza idadi ya adui ngozini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, wenye ugonjwa wa hatua ya 1 na 2 waliopewa methoksaleni, mwanga na interferoni walisafika kabisa kwa asilimia 70, dhidi ya 38 kwa waliopewa interferoni na asitretini (dawa ya jamii ya vitamini A) bila mwanga. Lakini kuongeza dawa si lazima kuongeze uponyaji. Beksaroteni, nayo ya jamii ya vitamini A, ilipoongezwa kwenye mwanga A, utafiti wa mwaka 2012 haukuona tofauti ya maana katika kusafika. Dalili iliyokuwepo ni ya kuhitaji vipindi vichache zaidi. Kwa mwenye mabaka membamba machache, sindano ni mzigo wa bure.

Mzigo wenyewe si mdogo. Interferoni huleta homa na baridi kama ya malaria saa chache baada ya sindano. Ichomwe usiku, na parasetamoli itangulie. Anayeshuka moyo, akakosa usingizi au kukata tamaa, amwambie daktari mapema. Beksaroteni hupandisha mafuta ya damu na kushusha homoni ya tezi ya shingo, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara, na mjamzito haitumii kabisa. Dawa za jamii yake huifanya ngozi iungue upesi. Zikianzishwa katikati ya tiba, dozi ya mwanga hupunguzwa kwa thuluthi hadi nusu. Mtajie daktari pia ukitumia doksisaiklini (dawa ya kuua bakteria) au dawa za presha za kukojoza, nazo huchochea kuungua. Liwa na singo zisubiri baada ya kipindi cha mwanga.

Methoksaleni huliwa na chakula ili kichefuchefu kipungue, na miwani ya kuzuia urujuanimno huvaliwa saa 24 tangu kumeza, hata ndani karibu na dirisha. Mwezi wa Ramadhani panga na daktari mapema: mwanga B hauhitaji vidonge, na interferoni inaweza kuchomwa baada ya futari.

Anayevuka na sindano kwa boti kwenda Pemba aiweke nyuzi 2 hadi 8 ndani ya kikasha cha baridi, kitambaa kikitenganisha chupa na barafu. Ikigusana na barafu huganda, na iliyoganda haitumiki hata ikiyeyuka.