Taswira ya diski: kwa nini faili la ISO halinakiliwi kama wimbo

Ukipakua Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, kwa mara ya kwanza unapata faili moja kubwa linaloishia na herufi ISO. Wengi hulinakili kwenye flashi kama wanavyonakili wimbo, wakaichomeka, wakawasha kompyuta, nayo isione kitu. Flashi si mbovu. Faili hilo ni taswira ya diski, na taswira hutandazwa juu ya flashi nzima.

Taswira ya diski ni diski kamili iliyofungwa ndani ya faili moja: mafaili yake, mpangilio wake, na kile kipande kidogo cha mwanzo kinachoiambia kompyuta ianzie wapi kuwaka. Ukiichukua kama faili la kawaida, kipande hicho kinabaki kimefungwa ndani na kompyuta haina pa kuanzia. Jina lenyewe limetokana na ISO 9660, kiwango cha mwaka 1988 cha kupanga mafaili kwenye CD. CD ilibeba MB 700. Taswira ya Ubuntu 24.04 ya kompyuta za mezani inakaribia GB 6, haienei hata kwenye DVD ya kawaida ya GB 4.7. Ndiyo maana siku hizi tunatumia flashi, ingawa mafundi bado tunasema "kuchoma".

Kutandaza kunafanywa na programu kama Rufus au balenaEtcher. Zote zinafuta kilichomo kwenye flashi, kwa hiyo hamisha picha zako kwanza. Mimi napenda zaidi Ventoy: unaiweka kwenye flashi mara moja tu, kisha unanakili mafaili ya ISO kama kawaida, hata matano, na kompyuta ikiwaka Ventoy ndiyo inayoanza na kukuuliza unataka lipi. Inaivuka pia kero ya FAT32, mpangilio unaokuja na flashi nyingi ndogo, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Ukiona faili linakataa kuingia ilhali flashi ina nafasi tele, sababu mara nyingi ni hiyo.

Sasa chukua darasa lenye kompyuta 20. Kila moja ikipakua taswira yake, ni GB 120 za bando. Hakuna sababu ya kulipia hivyo. Pakua mara moja, weka kwenye diski ya nje, andika jina la toleo na tarehe, kisha thibitisha kuwa faili limefika zima. Watengenezaji hutoa pamoja na faili namba ya SHA-256, yenye tarakimu na herufi 64. Baiti moja ikibadilika, namba nzima inabadilika. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux tumia sha256sum. Linganisha na ile ya tovuti ya mtengenezaji. Naomba usiruke hatua hii. Nimewahi kupoteza siku nzima nikilaumu RAM ya kompyuta, kumbe faili lilikatika wakati wa kupakua.

Kuna pia taswira ya aina ya pili, na hii ndiyo inayookoa muda kweli. Unaandaa kompyuta moja, tuiite kompyuta mama: mfumo, programu za ofisi, printa, kila kitu. Kisha unachukua taswira ya diski yake kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, na kuimwaga kwenye nyingine. Clonezilla kwa kawaida huhifadhi sehemu zilizotumika tu na kuzibana, hivyo diski ya GB 500 yenye GB 30 za vitu haitoi faili la GB 500.

Mtandao wa waya wa Mbps 100 (megabiti kwa sekunde) unapitisha MB 12.5 kwa sekunde kwa hali bora. Tuseme taswira ina GB 6: inachukua dakika 8 kwa kompyuta moja. Ukihudumia 20 moja baada ya nyingine ni saa mbili na dakika 40. Lakini Clonezilla inaweza kuituma kwa kompyuta zote kwa pamoja, kama tangazo linalosomwa mara moja mstarini asubuhi badala ya kunong'onezwa kila mwanafunzi. Hapo muda unarudi karibu na zile dakika 8. Tumia waya, Wi-Fi haifai kwa kazi hii.

Mambo mawili yanawakwaza wengi hapa. Kwanza, diski inayopokea isiwe ndogo kuliko ya mama, hata kwa MB chache, kwa hiyo andaa mama kwenye diski ndogo kuliko zote ulizonazo. Pili, watoto hurithi hata utambulisho wa mama: jina lake na namba ya ndani inayoutambulisha mfumo wake, na kompyuta mbili zenye utambulisho mmoja huweza kugombana kwenye mtandao. Kwenye Windows endesha Sysprep, programu ya Windows ya kuondoa utambulisho huo, kabla ya kuchukua taswira. Kwenye Ubuntu ondoa yaliyomo kwenye faili la /etc/machine-id, linalohifadhi namba hiyo, uache faili lenyewe likiwa tupu, kisha zima mashine bila kuiwasha tena mpaka taswira ichukuliwe. Kila mtoto atajitengenezea namba yake atakapowaka mara ya kwanza. Jina utampa wewe.